Nani Ampokee Atokaye Isanga?

Imetufikia barua kutoka Maji ya Chai, iliyoandikwa kwa mkono na mama mmoja ambaye jina lake twalihifadhi kwa heshima ya nyumba yake. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliugua akili. Na katika ugonjwa huo alimpiga baba yake mzazi kwa jembe, mzee akafa. Mahakama ilikiri kwamba tendo alilitenda, lakini ikasema hana hatia, kwa kuwa saa ile hakujua alitendalo. Akapelekwa Isanga, Dodoma. Miaka imepita. Sasa imekuja habari kwamba hali yake imetengemaa, na madaktari wanauliza kama kuna watu wa kumpokea. Mshili wa ukoo ameitisha kikao mara mbili, na mara mbili watu wametawanyika bila neno la kushika. Mama huyu, ambaye watoto wake hulala hatua chache tu kutoka nyumba ambayo shemeji angerudishwa, atuuliza maswali mawili. Je, mtu huyu bado ni wa hatari? Na familia ikimkataa, je, ni dhambi?

Wengi watasema kwamba swali la kwanza ni la madaktari na la pili ni la mapadre, kila mtu na kazi yake. Sisi hatuoni hivyo. Twaona ya kwamba maswali haya mawili yamefungwa kamba moja, na asiyejibu la pili hawezi kujibiwa la kwanza.

Kwanza yafaa tujue Isanga ni nini, maana huku kwetu jina hilo hutajwa kwa kunong'ona. Hospitali ya Mirembe ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927, siku za utawala wa Waingereza. Na Isanga ndiyo sehemu yake yenye ulinzi, inayowapokea wale waliofikishwa mahakamani kwa makosa mazito huku akili zao zikiwa zimeugua. Wako wanaopelekwa ili wapimwe kwanza, mahakama ipate kujua kama walikuwa na akili timamu siku ya tendo. Na wako ambao shauri lao limekwisha kuamuliwa. Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu chasema kwamba mtu hawajibiki kwa tendo ikiwa, kwa sababu ya ugonjwa uliomshika akilini, hakuweza kuelewa alitendalo, au kujua kwamba haikumpasa kulitenda. Wala sheria haimwachi hapo aende zake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ilivyotungwa mwaka 1985, iliagiza kwamba mtu wa namna hiyo awekwe mahali pa usalama, na habari zake zipelekwe kwa Waziri.

Desturi hii ina asili ya mbali. Mwaka 1843, mjini London, mtu aitwaye Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, karani wa Waziri Mkuu, akidhani ndiye Waziri Mkuu mwenyewe, kwa kuwa ugonjwa wake ulimwambia kwamba serikali inamwinda. Hakutiwa hatiani. Watu wakakasirika sana, na mabwana wa mahakama wakalazimika kuandika kanuni ambazo mwangwi wake wasikika hata leo katika sheria za nchi zetu. Lakini yaliyompata mtu yule baadaye hayasimuliwi mara nyingi. Aliishi katika nyumba za wagonjwa wa akili miaka ishirini na miwili, kwanza Bethlem, kisha Broadmoor, akafa huko mwaka 1865. Aliyeambiwa hana hatia hakuiona tena nyumba yake.

Ndugu msomaji, litazame vema jambo hili. Mwizi aliyehukumiwa miaka mitano aijua siku yake ya kutoka, huihesabu ukutani. Lakini aliyeambiwa kwamba hana hatia hana siku ya kuhesabu. Hakuwekwa ndani kwa ajili ya alilotenda, maana hilo amekwisha kuondolewa lawama. Amewekwa kwa ajili ya analohofiwa kulitenda. Yaani amefungwa na kesho. Huko Kenya jambo hili lilifika mbele ya majaji, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kumweka mtu wa namna hiyo bila kikomo, mpaka itakapompendeza Rais, ni kinyume cha katiba. Hatusemi kwamba milango ifunguliwe kesho asubuhi. Twasema tu kwamba kumfunga mtu kwa hofu ya mambo yajayo ni jambo zito mbele ya Mungu, na yeyote anayeitoa hofu hiyo kama ushahidi hana budi kuipima kwanza.

Je, hofu yaweza kupimwa? Hapa madaktari wenyewe wamejifunza unyenyekevu, na wengine wetu tungefaidika kuwaiga. Mwaka 1966 Mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilitoa hukumu katika shauri la mtu aitwaye Baxstrom, na kwa sababu ya hukumu hiyo wagonjwa 967 wakatolewa katika hospitali mbili za ulinzi mkali za jimbo la New York, wakahamishiwa hospitali za kawaida. Hao wote walikuwa wameshikiliwa kwa kuitwa watu wa hatari. Wauguzi waliogopa. Lakini wataalamu walipofuatilia habari zao kwa miaka iliyofuata, waliona kwamba waliolazimika kurudishwa kwenye ulinzi mkali hawakufika hata watatu katika kila mia. Wengi walikuwa wamekwisha kuzeeka, ni kweli. Lakini hata uzee wao haukuwa umeonwa na wale waliokuwa wakiandika mwaka baada ya mwaka neno lile lile: hatari.

Tuchukue hesabu ndogo, ya kufikiri tu. Tuseme wako watu mia, na katika hao kumi wangekuja kumdhuru mtu wakiachiwa. Tuseme tena daktari ni hodari, hata awatambue wanane katika wale kumi, na kuwakosea wawili tu katika kila kumi ya walio salama. Ni daktari mzuri, sivyo? Lakini wasio na hatari ni tisini, na wawili katika kila kumi yao ni kumi na wanane. Basi atawashikilia watu ishirini na sita, na kati yao kumi na wanane watakuwa wameonewa. Na hata hivyo wawili wenye kudhuru watakuwa wametoka mlangoni wakimshukuru. Hesabu hii haimkashifu daktari. Yatuonyesha tu kwamba jambo lililo haba ni gumu kubashiriwa, na kwamba kila kosa lina mtu ndani yake: ama mtu anayeozea ndani bure, ama mtu anayezikwa.

Ndiyo maana wataalamu wa siku hizi wameacha kupiga ramli na kushika njia ya maswali. Kiko kipimo kimoja kinachotumika katika nchi nyingi, kilichotungwa na Christopher Webster na wenzake huko British Columbia, nchini Kanada, mwaka 1995, na kutengenezwa upya mwaka 2013. Kina mambo ishirini ya kuangaliwa. Kumi ni ya zamani: kama mtu alipata kudhuru watu kabla ya hapo, alianza akiwa na umri gani, alikuwa na kazi, alikuwa mlevi, alilelewaje, alivunja masharti aliyopewa. Matano ni ya sasa: kama anaujua ugonjwa wake, kama bado ana mawazo ya kudhuru, kama dalili zingalipo, kama nafsi yake imetulia, kama anashika matibabu. Na matano ya mwisho ni ya mbele: atakaa wapi, atakuwa na nani, atapata dawa kwa njia gani, atakutana na mashaka gani. Waliokitunga hawakutaka daktari ajumlishe alama na kutangaza jibu kama mwalimu wa hesabu. Walitaka asisahau kuuliza, kisha atumie akili yake.

Twaomba msomaji arudi kwenye yale matano ya mwisho. Mambo kumi ya zamani hayabadiliki. Baba aliyekufa amekufa, na utoto uliopita umepita. Matano ya sasa ni kazi ya mgonjwa na madaktari wake. Lakini haya ya mbele ni ya nani? Kama atakuwa na mahali pa kulala, Isanga haijui. Ajuaye ni ukoo. Kama kutakuwa na mtu wa kumkumbusha siku ya sindano, dawa ikiisha zahanatini nani atatembea hadi hospitali ya wilaya, kama vijana wa njiani watamwita muuaji mpaka arudie gongo, haya yote hayamo kichwani mwake. Yamo Maji ya Chai. Daktari akiuliza, "Je, mtu huyu ni wa hatari?" kipande kizima cha swali hilo anatuuliza sisi habari zetu wenyewe.

Basi ona jinsi tunavyojidanganya. Kikao cha ukoo chakaa na kusema: "Hatuwezi kumpokea mpaka tuhakikishiwe kwamba si wa hatari." Naye daktari, akiandika kwa uaminifu, hana budi kusema: "Hatari yake ni kubwa, kwa maana hana wa kumpokea." Kila upande wamngojea mwenzake, na katikati yao mtu mmoja azeeka.

Watu wa Maji ya Chai wana fundisho juu ya jambo hili ambalo wengine hawana. Mto uliolipa jina kata yao una maji ya rangi ya chai, na mgeni ashukaye hapo kutoka Moshi hushtushwa na rangi hiyo. Lakini kilichoyatia madoa meno ya watoto wa pande za Meru, na kupinda mifupa ya wengine, si rangi. Ni floraidi, isiyo na rangi wala ladha, ambayo hukaa hata katika maji meupe kama kioo. Haikuonekana mpaka ilipopimwa. Vivyo hivyo tunamwogopa mgonjwa wa akili kwa yale tunayoyaona: anacheka peke yake, nguo zake chafu, anazungumza na miti. Wengi wa hao hawajamdhuru mtu, wala hawatamdhuru. Mara nyingi zaidi wao ndio hupigwa mawe. Mambo yanayoongeza hatari hayana rangi kali namna hiyo: dawa iliyoachwa kimya kimya, pombe, ugomvi wa shamba usiokwisha, imani iliyomwingia kwamba jirani anamroga, na upweke.

Sasa twende kwenye swali la pili, na hapa twamwita msaidizi mkubwa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alijiuliza katika kitabu chake kikubwa cha teolojia: mambo ya mtu yakiwa na shaka, tuyafasiri kwa ubaya au kwa wema? Akajibu kwamba tukimhukumu mtu mwenyewe, yatupasa kuelekea wema. Maana ni afadhali kudanganyika mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya, kuliko kudanganyika mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema, kwa kuwa huyu wa pili ameonewa na yule wa kwanza hakuonewa. Wengi wetu tungekomea hapo na kumwambia mama yule: mpokee, umdhanie mema, Mungu atakulinda. Lakini Tomaso hakukomea hapo. Aliongeza kwamba iko njia nyingine ya kufikiri mabaya isiyo hukumu. Tunapotafuta dawa ya ovu fulani, yafaa tuchukulie kwamba mambo yaweza kuwa mabaya zaidi, ili dawa iwe na nguvu ya kutosha. Kwa maana dawa inayoshinda ugonjwa mkubwa itaushinda na mdogo.

Twaona kwamba tofauti hii ndiyo yote. Kuna kumhukumu mtu, na kuna kutengeneza nyumba. Katika kumhukumu, shemeji ni ndugu: alitenda bila kujua, na katekisimu tuliyofundishwa utotoni yasema kwamba dhambi ya mauti yataka jambo zito, ujuzi kamili na ukubali kamili; naye hivyo viwili vya mwisho hakuwa navyo. Asiitwe muuaji, wala watoto wasifundishwe kumkimbia. Lakini katika kutengeneza nyumba, familia ina ruhusa, tena ina wajibu, ya kufikiri siku ile dawa itakapoisha, au usingizi utakapompotea juma zima, na kujiandaa. Mwenye kuweka kitasa mlangoni hajamwita jirani yake mwizi.

Kuna neno moja la wazee lisilopasa kupitwa mbio. Watu husema: ninyi mwazungumza habari za aliye hai, lakini aliyekufa je? Katika ugonjwa wa namna hii, mara nyingi anayeuawa si mgeni. Ni mama, baba, mke, mtoto, yaani yule aliyekuwa karibu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimuuguza. Kwa hiyo wale wanaoombwa kumpokea ndio hao hao waliofiwa. Hatujui kama kuna mzigo mzito kuliko huo. Tumesoma vitabu vingi vinavyohimiza jamii iwapokee wagonjwa, na vichache vinavyokumbuka kwamba jamii yenyewe ni kijana aliyemwosha baba yake maiti. Mume wa mama yetu ndiye huyo kijana. Akisema kwamba hawezi kuuona uso wa ndugu yake ukipita penye kaburi la baba yao kila asubuhi, hatumwambii kwamba hana imani. Kusamehe si lazima kuanzie katika chumba kimoja.

Tukumbuke na habari ya nchi ya Wagerasi, katika sura ya tano ya Injili ya Marko. Mtu yule alikaa makaburini, akafungwa minyororo na pingu akazikata, hakuna aliyeweza kumzuia. Huo ulikuwa ulinzi mkali wa siku zile. Bwana wetu akamponya. Watu wa mji walipokuja wakamkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Na Injili yasema kwamba hapo ndipo waliposhikwa na hofu. Twalipenda neno hili kwa ukweli wake. Alipokuwa akipiga kelele makaburini walikuwa wamemzoea. Alipopona hawakujua wamfanye nini. Wakamsihi Bwana aondoke mipakani mwao. Naye aliyeponywa aliomba afuatane na Yesu, jambo ambalo lingewafaa wote: mji ungepumzika, naye angeondoka penye macho ya watu. Bwana akamkatalia, akamtuma nyumbani kwake, kwa watu wake.

Basi, mama mpendwa, hili ndilo jibu letu kwa kadiri tulivyoweza. Si dhambi kusema, "Asilale katika nyumba hii, karibu na watoto wangu, mwaka huu." Si dhambi kutaka kujua, kabla ya kukubali, dawa yake ni ya vidonge au ya sindano ya kila mwezi; nani ataitoa na wapi; ikikosekana ni nani wa kupigiwa simu; dalili za kwanza za ugonjwa wake zilikuwa zipi kabla ya siku ile mbaya, maana aghalabu ziko, na pengine ninyi mlioishi naye mwazijua kuliko daktari. Mwulizeni na yeye mwenyewe. Mtu anayeweza kueleza jinsi ugonjwa ulivyomwanza, na anayeomba ashikwe mkono ukianza tena, amewapa amana kubwa kuliko cheti. Na akisema kwamba hakuwahi kuugua, bali alirogwa na kwamba dawa hazihitaji tena, basi msione haya kusema kwamba wakati bado.

Lakini kufunga kila mlango, katika nyumba zote za ukoo, toka Maji ya Chai hadi Usa River na Kikatiti, kisha kusema kwamba mtu huyu hana budi kubaki alipo kwa sababu ni wa hatari, hilo hatuwezi kulihalalisha. Huko ni kumtwika yeye mzigo tulioufunga sisi. Ukoo mkubwa una shangazi, una binamu mwenye karakana, una mjane mwenye chumba cha pembeni na asiye na watoto wadogo. Una jumuiya ndogondogo, ambayo hujua kuchanga kwa ajili ya arusi. Na kwa kuwa barabara ya Babati na Kondoa sasa ina lami hadi Dodoma, mtu aweza kwenda kumtazama shemeji na kurudi siku ya pili, akaleta habari ya alichokiona kwa macho yake badala ya kile alichokiota. Katika barua yote hatukusoma mahali panaposema kwamba yuko aliyekwenda.

Mama huyu atuambia kwamba kikao cha tatu kitakaa baada ya mahindi kuvunwa. Pamoja na barua yake aliweka nakala ya karatasi ambayo familia imeombwa kuijaza: jina la mpokeaji, uhusiano wake na mgonjwa, namba ya simu, na zahanati iliyo karibu. Mstari wa zahanati umejazwa kwa mwandiko wake mwenyewe. Mistari mitatu ya juu bado ni mitupu.